Binti Mwenye Ufagio

Jumapili ya 13 ya Mwaka B
Hek 1:13-15, 2:23-24, 2 Kor 8:7.9.13-15; Mk 5:21-43



Ndugu wasikilizaji wapendwa, Injili tuliyoisikia leo ina mabinti wawili. Wa kwanza ni mtoto wa miaka 12, binti wa Yairo mkuu wa sinagogi, naye yu kufani. Wa pili ni mwanamke mtu mzima, asiyetajwa jina, aliyeugua kwa miaka 12 na kumaliza mali yake yote kwa waganga bila kupata nafuu. Mwinjili Marko ameiweka habari ya mmoja ndani ya habari ya mwingine, kama mama anavyomfunga mtoto ndani ya kanga, ili tusiweze kuzitenganisha. Leo naomba mniruhusu niwafikishe kwa mabinti hao kwa njia ya kuzunguka kidogo. Njia hiyo inapita Japani, kisha inarudi hapa kwetu Njisi, kando ya mto Songwe.

Miaka michache iliyopita, Jumamosi moja jioni, katekista wa kigango kimoja alibisha hodi kwangu. Ni mtu mwema, mkulima wa mpunga na kokoa, naye amewaandaa watoto wengi kwa Komunyo ya Kwanza. Alikuja na shauri zito. "Padri," alisema, "watoto wetu wanaharibika. Pale kwenye banda la video, karibu na malori yanaposubiri kuvuka mpaka, wanaonyeshwa sinema za wachawi. Naomba kesho utangaze kanisani kwamba ni dhambi." Nikamwuliza ni sinema gani hizo. Akasema ni katuni za Kijapani, zile ambazo vijana huziita anime, na kwamba katika mojawapo kuna binti mdogo anayeruka angani juu ya ufagio, pamoja na paka mweusi. Kisha akanyamaza, akaongeza kwa sauti ya chini: "Na yule mtoto wa ng'ambo yupo pale kila siku."

Yule mtoto wa ng'ambo. Nilimfahamu. Nitamweleza kwa kificho, na mambo machache nimeyabadili, ili asitambulike wala asionewe tena. Alikuwa na miaka 12, umri wa binti wa Yairo. Mama yake alifariki upande wa Malawi, akavushwa mto akaletwa kwa mama yake mkubwa. Kwetu hapa jambo hilo si geni. Songwe ni mpaka wa serikali, lakini si mpaka wa ukoo. Kingonde cha upande ule na Kinyakyusa cha upande huu vinasikilizana bila mkalimani. Mtoto huyo alikaa vizuri kwa miezi kadhaa. Masika ilipofika, mito ikafurika kama ilivyo kawaida ya Kyela, mbu wakawa wengi, na mtoto mchanga wa nyumba ile akashikwa na homa. Siku ya nne akafa. Msiba ukaleta maneno, maneno yakawapeleka watu kwa mpiga ramli, na mpiga ramli akasema kwamba kifo kimeingia nyumbani pamoja na mgeni.

Tangu siku ile binti alitengewa sahani yake. Wenzake walikatazwa kucheza naye. Akalala kwenye kibanda cha kupikia. Na taratibu akaacha kusema. Akiamkiwa aliinamisha kichwa tu. Mahali pekee alipoonekana akisimama muda mrefu ni nje ya banda lile la video. Kwa kuwa hakuwa na kiingilio, alichungulia katika upenyo wa mabati. Watu wakasema: mnaona, anawatazama wenzake.

Sikutangaza dhambi Jumapili ile. Nilimwomba mwalimu mmoja wa shule ya msingi anitafutie sinema hiyo, naye akaileta kwenye flashi, tukaitazama usiku mmoja kwenye kompyuta yake mpakato, umeme ukikatika mara mbili. Mimi ni mtu wa zaidi ya miaka 50 na sikuwa nimewahi kukaa saa nzima mbele ya katuni. Nakiri kwamba mwisho wake nilipangusa macho.

Sinema hiyo kwa Kijapani huitwa Majo no Takkyubin. Iliongozwa na Hayao Miyazaki mwaka 1989, kutokana na kitabu cha Bibi Eiko Kadono cha mwaka 1985. Bibi huyo alizaliwa Tokyo mwaka 1935, akafiwa na mama yake akiwa na miaka 5, kisha akaionja vita utotoni. Wazo la hadithi lilimjia kutokana na picha aliyoichora binti yake mwenye miaka 12: msichana juu ya ufagio, anasikiliza redio. (Mimi ninayesema nanyi kwa redio sikuweza kumchukia msichana huyo.)

Habari yenyewe ni hii. Kiki ana miaka 13. Kwa mila ya kwao, binti wa umri huo huwaaga wazazi akaenda kuishi mwaka mzima katika mji wa ugenini. Anafika mji mkubwa kando ya bahari, na hakuna anayemtaka. Askari wa barabarani anamkaripia, hoteli inamkataa. Anayempokea ni mama mmoja mwoka mikate, mjamzito, ambaye anampa chumba juu ya ghala. Hapo Kiki anaanza kazi ya kupeleka vifurushi vya watu kwa ufagio wake. Siku moja bibi kizee anapika mkate wenye samaki na boga ndani yake, kwa ajili ya sikukuu ya mjukuu. Kiki anausafirisha katika mvua kali. Mjukuu anafungua mlango, anautazama mkate, anasema haupendi, anafunga mlango. Kiki anarudi ameloa, anaugua homa, na mwoka mikate anamletea uji kitandani. Lakini homa inapokwisha, kitu kingine kimekwisha pamoja nayo. Ufagio haumwinui tena, na paka wake, aliyezoea kuzungumza naye, sasa analia tu kama paka yeyote.

Wapendwa, hapo ndipo nilipomwona yule mtoto wa ng'ambo akichungulia katika mabati. Hakuwa akiwatazama wachawi. Alikuwa akimtazama mtoto aliyefungiwa mlango, na ambaye baada ya hapo alipoteza sauti.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja kwa makatekista, maana najua wapo wanaosikiliza kwa mashaka. Fundisho la Kanisa halijabadilika. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, katika namba 2116 na 2117, inakataa ramli na uchawi wa kila namna, na mimi nakataa pamoja nayo. Lakini tuwe waangalifu na maneno. Mfasiri wa banda la video alipomwita Kiki "mchawi" alitumia neno ambalo katika Kiswahili lina maana moja tu: mtu anayedhuru wenzake kwa siri, anayesemwa kwamba husafiri usiku kwa ungo. Kiki hamdhuru mtu yeyote katika sinema nzima. Anaruka mchana, kila mtu akimwona, tena anapeleka mizigo! Kipaji chake katika hadithi hiyo ni mfano tu, kama vile sungura wa hadithi zetu asivyokuwa sungura wa porini. Tusiwakataze watoto mfano huku sisi wenyewe tukienda usiku kwa wapiga ramli. Januari 2015 Serikali iliwapiga marufuku watu hao baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi, lakini nani asiyejua kwamba njia ya kwenda kwao bado haijaota nyasi?

Sasa nirudi kwetu. Nilipokuwa seminari kuu nilisoma vitabu vya Monica Wilson, ambaye pamoja na mumewe Godfrey waliishi kati ya Wanyakyusa wakifanya utafiti katika miaka ya 1934 hadi 1938. Kitabu chake kimoja, Good Company, kilichotoka mwaka 1951, kinaeleza jambo ambalo wazee wetu bado wanalikumbuka kwa masimulizi. Zamani mtoto wa kiume alipofika miaka 10 au 11 aliondoka kulala nyumbani kwa wazazi. Yeye na wa rika lake walijenga vibanda vyao kando, na kibanda kikawa kijiji, na kijiji kikadumu hadi uzee wao. Hawakuachwa wafe njaa. Walikwenda kula kwa mama zao kwa makundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Uzuri wa maisha uliitwa ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha, kuzungumza, kula na kunywa na wenzako. Mtu aliyekula peke yake alikuwa mtu wa kuogopwa.

Wazee wetu waliamini pia uchawi, tusijifanye hawakuuamini. Walisema kwamba mchawi ana chatu tumboni, na kwamba kinachomsukuma ni uchu wa nyama na maziwa. Kwa hiyo mwenye ng'ombe alionywa kuwalisha majirani. Waliamini vilevile kwamba hasira ya watu wema, ikiwa ni ya haki, inaweza kumletea mkosaji ugonjwa. Waliiita pumzi ya watu. Na dawa yake? Hasira hiyo ilipaswa kusemwa. Katika matambiko ya ukoo kila mwenye kinyongo alitakiwa akitoe kinywani mbele ya ndugu, kwa maana aliyesema amepatana huku akificha neno moyoni aliharibu tambiko zima. Sisemi kwamba mambo hayo yote ni Injili. Mwavi walionyweshwa watuhumiwa haukuwa Injili hata kidogo. Lakini kuna mawili ambayo wazee waliyajua na sisi tumeyasahau: kwamba chuki huanzia kwenye chakula kisichogawanywa, na kwamba hasira iliyofichwa huua. Sisi tumeubakiza woga wa mchawi, na dawa tumeitupa.

Wapo watakaoniuliza: na wewe, Padri, ulifanya nini? Nitasema, ingawa hainipendezi kusema.

Kwanza, sikufanya kitu. Nilisikia habari za binti yule miezi miwili kabla ya katekista kuja kwangu, na nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya ukoo. Pili, nilipoamua kufanya kitu nilifanya vibaya. Jumapili moja, baada ya Komunyo, nilimwita mbele ya altare, nikamwekea mikono na kumnyunyizia maji ya baraka mbele ya kanisa lililojaa. Nilidhani ninamsaidia. Jioni yake kijiji kizima kilikuwa kinasema: hata Padri ameona! Basi baraka yangu ikawa hukumu. Wiki iliyofuata hakuja kanisani, na wala kwenye banda la video hakuonekana.

Itazameni sasa Injili, ndugu zangu, muone jinsi Bwana alivyo na hekima kuliko watumishi wake. Alipofika nyumbani kwa Yairo, alikuta watu wanalia na kufanya ghasia, na waliposikia maneno yake wakamcheka. Alifanya nini kwanza? Aliwatoa wote nje. Akaingia kwa mtoto pamoja na baba, mama, na wanafunzi watatu tu. Akamshika mkono. Alipoinuka, akakataza sana habari hiyo isitangazwe. Mtoto yule hakufanywa kuwa maonyesho.

Kwa yule mwanamke alifanya kinyume. Yeye alikuja kwa siri, kwa nyuma, akagusa vazi, akataka kuondoka kimyakimya. Kwa sheria ya wakati ule alihesabiwa najisi, na kila alichokigusa kilikuwa najisi pamoja naye. Kwa miaka 12 hakuna aliyemkumbatia! Huyo Yesu alimtafuta katikati ya umati, akamngoja aseme yote mbele ya watu, na mbele ya watu haohao akamwita Binti. Damu ilikuwa imekwisha kukauka kabla hajaitwa hivyo. Kilichobaki kuponywa ni ule utengwa, na utengwa hauponi kwa siri, kwa sababu ni watu ndio waliomtenga. Basi ni watu wanaopaswa kusikia kwamba huyu ana Baba.

Tofauti hiyo ndiyo niliyoikosa mimi. Niliwaita watu watazame pale nilipopaswa kuwatoa nje.

Nilikwenda kwa mama mkubwa, safari hii bila stola wala maji ya baraka. Nilifuatana na katekista na mzee mmoja wa ukoo ule, ambaye hakuwa Mkatoliki lakini alizifahamu mila. Tulikaa chini ya mwembe tangu saa nane hadi jua kuzama. Mzee hakuuliza habari za uchawi hata mara moja. Aliuliza tu: nani ana neno moyoni? Kwa muda mrefu hakuna aliyejibu. Kisha mama mkubwa akaanza kulia, akasema. Alisema kwamba alimwuguza mdogo wake kwa mwaka mzima na hakuna ndugu aliyeleta hata kibaba cha mchele. Alisema kwamba baada ya mazishi walimwachia mtoto kama mzigo ulioangushwa njiani na gari. Alisema kwamba mwanawe alipoanza homa hakuwa na nauli ya kumfikisha zahanati, akangoja siku tatu, na kwamba kila usiku anazihesabu siku hizo tatu. Halafu akasema neno ambalo sitalisahau: "Ilikuwa rahisi kumchukia huyu kuliko kuzikumbuka siku tatu."

Somo la kwanza la leo linatuambia kwamba Mungu hakuifanya mauti. Mimi naongeza kwa unyenyekevu kwamba hata mtoto wa ng'ambo hakuileta. Ililetwa na mbu, na umaskini, na ndugu walioshika mchele wao. Mtume Paulo katika somo la pili anawaandikia Wakorintho juu ya mchango, kwamba ziada ya mmoja izibe upungufu wa mwingine, na sisi tunalisoma somo hilo kana kwamba linahusu bahasha za sadaka tu.

Jioni ile mzee aliagiza chakula. Ulikuwa wali na samaki wa ziwani, katika sinia moja. Binti aliitwa kutoka kibanda cha kupikia. Alisimama mlangoni na sahani yake mkononi, ile aliyotengewa, maana alikwisha kuzoea. Mama mkubwa akainuka, akamchukulia sahani ile mkononi, akaiweka kando, akamsogezea mahali pa kuketi mbele ya sinia. Hakusema kitu. Sisi sote tulikula tukitazama chini.

Msidhani mtoto alipona palepale. Sinema ile ni ya kweli zaidi kuliko mahubiri mengi katika jambo hili. Kiki harudishiwi kipaji chake kwa dawa wala kwa maneno makuu. Rafiki mmoja mchoraji anamchukua akalale kwake msituni, anamwambia kwamba naye aliwahi kushindwa kuchora. Yule bibi kizee wa mkate wa samaki anamwita tena, anamwonyesha keki na kumwomba aipeleke kwa msichana mmoja aitwaye Kiki. Kumbe keki ni yake mwenyewe! Mambo madogo kama hayo. Ni baada ya hapo, rafiki yake anapokuwa katika hatari ya kufa, ndipo anaazima ufagio wa mfagiaji wa barabara na kuruka tena, kwa shida, akiyumba.

Kwetu hapakuwa na keki. Palikuwa na mama mmoja mjane wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mkaanga vitumbua, ambaye macho yake yamefifia. Alimwomba binti awe anakwenda kwake jioni baada ya shule, amsomee ujumbe ambao mwanawe humwandikia kwenye simu. Kwa wiki nyingi binti alishika simu, akaionyesha, akatikisa kichwa. Mama yule akawa anampa kitumbua na kumwambia aje kesho. Siku moja akaisoma kwa sauti. Ulikuwa ujumbe wa kampuni ya simu kuhusu salio. Mama yule anasema hajapata kusikia habari njema kama hiyo.

Ndugu msikilizaji, huenda katika nyumba yako kuna sahani iliyotengwa. Sijui ni ya nani. Huenda ni ya mtoto wa marehemu ndugu yako, au ya mama mkwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye watu wameanza kumsema. Bwana, baada ya kumfufua binti wa Yairo, hakuwapa wazazi sala ndefu ya kusali. Aliagiza mtoto apewe chakula.

Katekista wangu hakuacha kabisa kuzishuku katuni, na simlaumu. Lakini siku hizi Jumamosi huenda yeye mwenyewe kwenye lile banda, hukaa benchi la nyuma na watoto wa mafundisho, na sinema ikiisha huwauliza maswali. Mwenye banda hamtozi kiingilio.

Na yule binti? Jumapili iliyopita nilimwona wakati wa homilia. Alikuwa amekaa benchi la tatu upande wa kushoto, kati ya wasichana wenzake wawili, na alikuwa anaongea. Nilimtazama kwa ukali kidogo, kama inavyonipasa, nikaendelea kuhubiri. Naye aliinamisha kichwa, akangoja nigeuke upande wa pili, akaendelea.